Mjukuu Aliyeungua Akanyamaza

Mpendwa mshauri Bi Hasna, naomba msaada ingawa mimi si mtu wa kuomba, nina miaka themanini na moja, nimezika wake wawili na wenzangu wote wa rika, na bado napiga matuta kuwashinda vijana. Mwanangu Polikarp alizama ziwani kule Kipili akaniachia mkamwana wangu Scola na mjukuu Josefina wa miaka minne, sasa huyu Scola ana mdomo, wakipukuchua maharage anamsemesha mtoto kama mtu mzima, mara "baba alikuwa akikubeba begani, unakumbuka? Ulihuzunika eh? Hata mama alilia," na mtoto naye anauliza, mpaka nikakataza, kwangu hakuna kumchokonoa mtoto habari za marehemu wala kumuuliza kama kaumia, atalegea.

Scola akasema, "Baba, akiuliza nimjibu nini?"

"Mpe kiazi anyamaze."

Akatii, mtoto akawa kimya, nikajisifu kilabuni kwamba mjukuu wangu ni jiwe. Wiki iliyopita Scola kaenda Kasesya siku tano kuuza maharage kaniachia mtoto, siku ya nne nikasikia harufu, kufunua kanga kumbe mkono umeungua uji na umeanza kuoza, wala hakulia! Nikamtania kama kawaida yetu, "Wewe mke wangu, mbona hukusema?" Akajibu, "Babu si ulikataza." Mama yake aliporudi hakumkimbilia, aliuficha mkono mgongoni. Nimempaka mizizi, hata ng'ombe wa Wasukuma nimewaponya, lakini Scola anataka kumpeleka kwao Kabwe na mtoto ni wa ukoo wangu, nimzuieje? Katekista Enock na jirani yangu Kabula wameyaona haya yote, waulize.

Mzee Isdori

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa kumzika mwanao. Pole yangu inaishia hapo.

Umejaza karatasi sifa, hospitali hujaitaja hata mara moja! Mtoto huyo si jiwe. Ameumia akaona hana wa kumwambia. Scola alipomuuliza kama alihuzunika, akamwambia hata mama alilia, alikuwa anamfundisha kwamba ukiumia, njoo kwangu. Mtoto mdogo hulijua hilo kwa kuzungumza na mama yake, na wewe ukawafunga midomo wote wawili.

Kabwe usimzuie. Lakini kwanza mizizi hiyo acha, mwende hospitali leo hii. Mkono huenda ukakatwa, sikufichi. Scola ambebe, amsemeshe njia nzima, amtaje na baba yake. Mtoto akilia, mwacheni alie. Wewe fuata nyuma, na usiseme neno.