Kwa Nini Don Eustorgio Kafungwa Waya

Barranquilla, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mompox, na lile goti liwe limetulia. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linalotutoa roho.

Uliniuliza kazi ya kliniki ya meno ikoje. Mama, kwa mmbeya kama mimi ni peponi! Kila anayekuja kufungwa waya namdadisi kwa nini. Msichana mmoja mwenye meno yaliyonyooka alizitaka kwa sababu rafiki zake wote wanazo. Daktari Nubia akamwambia arudi nyumbani akale embe. Mwingine taya linamuuma akitafuna. Mwingine anaoa.

Sasa kaa vizuri. Miezi michache iliyopita aliingia Don Eustorgio, yule sonara wa mtaani kwako unayesema ana maringo, hacheki na mtu. Nikamuuliza, jamani don, kwa umri huo, kulikoni? Akajibu, huku kafunika mdomo kwa kofia, kwamba maisha yake yote amekunja waya za fedha, sasa ni zamu ya waya kumkunja yeye. Alipofunua, meno yamepandana, moja limegeuka ubavu. Kumbe si maringo, mama. Ni kuona haya.

Daktari alimtibu fizi kwanza, akamweleza kwamba meno ya mtu mzima husogea polepole, akampa nta ya kubandika pale waya inapomchoma. Anashindia supu na halalamiki.

Kila mwezi tunabadilisha vipira vinavyoshika waya, na mgonjwa huchagua rangi. Vijana huchagua za timu zao. Wakati wa kanivali ndiyo usiseme! Don Eustorgio yeye ni kijivu tu. Juzi akaomba zambarau. Nikamtolea moja, akakataa, eti imekoza mno. Anataka iliyopauka, kama mlango fulani karibu na kanisa la Santa Bárbara. Mlango wa zambarau pale ni mmoja tu, wako, na aliupaka marehemu baba.

Nikambana mpaka masikio yakamwiva. Akakiri kwamba anatamani kuja kukaa nawe barazani, ila anajua humpendi mtu anayenuna, naye kutabasamu hawezi. Daktari anasema bado mwaka mzima. Yeye anasema kwa umri wake mwaka ni mwingi.

Baba nilimpenda, mama, na bado nampenda. Lakini upweke wako unaniuma. Jumapili baada ya misa Don Eustorgio atapita kwako. Mkaribishe kahawa, umchekeshe kidogo. Akitabasamu, wewe ndiye utakayekuwa mtu wa kwanza kumwona.

Msalimie sana shangazi Fidelina, na ulinde goti.

Mwanao akupendaye,
Yadira