Gereji Imekuwa Tanuri, Mke Wangu Amenihama Mchana

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na ujue kabisa neno hilo mkono wangu haujazoea kuliandika, maana kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, ulizia mtaani kwetu nani alifufua lori la mawe lililokuwa limeota majani ndani ya injini, hata mtoto atakuelekeza kwenye geti langu la bluu. Shule sikukaa sana, herufi nimezijua kwenye maboksi ya spea na ubavuni mwa matairi, kwa hiyo ukikuta nukta haipo ujue imedondoka njiani, wewe endelea kusoma.

Shida yangu ni joto, na hilo joto limenichukulia mke.

Gereji yangu iko ubavuni mwa nyumba. Zamani ilikuwa nguzo na mabati tu, pembeni wazi, na mke wangu ambaye namwita Bosi, kwa sababu tangu tuoane sijawahi kumshinda ubishi, alikuwa akimaliza shughuli zake anakuja kukaa hapo na mimi, anachambua mchele, akimaliza ananisomea gazeti lenu kwa sauti, mimi niko chini ya gari namjibu. Ndivyo nilivyokujua wewe, na mara nyingi nimemwambia huyu mshauri anawadekeza watu, ila hilo tuliache. Nikitoa mkono nje ya gari bila kusema neno, Bosi ananiwekea spana ninayoitaka, hakosei, na siku akikosea basi mimi ndiye nimekosea gari.

Sasa vumbi likazidi, mvua ikawa inapiga mpaka ndani, na kuku wa jirani akaja kutagia kwenye kisanduku changu cha soketi, nikasema basi, najenga ukuta. Nilijenga peke yangu, na umri huu, kijana gani wa leo anaweza. Mkwe wangu, mume wa binti yetu wa mwisho, ni mwashi, akaja kwa adabu zake akasimama pale mikono nyuma, akaniambia baba, acha matundu ya hewa huku juu na dirisha upande ule, nyumba nayo inapumua. Nikamwambia nyumba si mbuzi. Tundu la hewa ni tundu la vumbi, na mwizi naye ana mkono. Nikaziba kila mahali, nikaweka mlango wa chuma, mabati nikayapaka lami nyeusi yasivuje, na mpaka leo halijadondoka tone, hilo uliandike kwenye gazeti.

Lakini likaja joto, mshauri. Jua likifika utosini spana huwezi kuishika kwa mkono mtupu, grisi inateremka kama uji, na mimi mwenyewe natoka humo nimelowa kama nimetoka kuoga. Bosi alivumilia, anakaa na kitambaa cha maji kichwani, hasemi kitu, na mwanamke yule asiposema kitu ujue hali ni mbaya. Nikaleta feni kubwa, ikawa inatupulizia ule moto wenyewe usoni. Nikaingiza friji ya jikoni, nikaiacha mlango wazi itupoze, mbele ikatoa ubaridi kidogo, nyuma ikawaka kama jiko, mpaka jioni chumba kimezidi kuwa moto na maziwa yamechacha. Mkwe alikuja akaona, akageukia ukutani, akacheka kwa mabega tu kwa sababu ana heshima.

Ndipo akili yangu ikafanya kazi. Pikapu yangu ina kiyoyozi, nilikitengeneza mwenyewe baada ya mafundi wengine kukikatia tamaa. Nikasema, kwa nini tuteseke na baridi tunayo? Nikaingiza pikapu gerejini, nikapangusa kiti, nikatandika shuka safi, nikavuta mlango wa chuma joto la nje lisiingie, nikabakiza upenyo wa mkono kupita, nikawasha injini, nikafungulia kiyoyozi, nikamwita Bosi. Akaja amebadilisha gauni, mshauri, anacheka, akaniuliza leo tunasafiri kwenda wapi, nikamwambia popote utakapo. Tukakaa humo kama maharusi. Akanisomea gazeti mpaka baridi ikamshika, nikamvisha koti langu la kazi, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilifurahi vile.

Halafu akashusha gazeti. Akasema herufi zinacheza na kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni ubaridi hujauzoea. Kichwa changu nacho kilikuwa kinaniuma, lakini nikakaa kimya, mtu utasemaje kichwa kinakuuma ndani ya kiyoyozi ulichotengeneza mwenyewe. Alipotaka kushuka miguu ikakataa, nikambeba mpaka bombani, akatapika. Akakaa nje kwenye upepo mpaka rangi ikamrudi, mimi nampepea na gazeti, na maneno aliyoniambia ni haya tu:

"Mzee wangu, popote utakapokaa nitakaa na wewe. Lakini humo ndani siingii tena."

Na usije ukaniambia habari za moshi. Mkwe alianza kuzileta nikamkatiza, nikamwambia mwashi ajue mchanga wake, injini aniachie mimi. Injini yangu ni safi, ukishika kitambaa cheupe kwenye ekzosi kinabaki cheupe.

Tangu siku ile, akimaliza kazi za nyumba anavuka barabara anaenda kukaa kibarazani kwa mama mmoja fundi cherehani, kwenye kivuli na upepo, na gazeti anasomea hukohuko. Nawasikia wanacheka. Mimi niko chini ya gari natoa mkono nje, unarudi mtupu. Juzi niliinuka mwenyewe kufuata spana, nikafika kwenye meza nikasahau nimefuata nini, nikasimama tu hapo na jasho linanitiririka.

Sasa nimefikiri nikaona kosa liko wapi. Ubaridi ulikuwa mkali mno, na ule upenyo wa mlango ulikuwa unaingiza joto likachanganyika na baridi, ndilo lililomchafua tumbo. Mwisho wa wiki nataka kujaribu tena, nitapunguza kiyoyozi na mlango nitaufunga kabisa. Yeye anakuamini wewe kuliko mimi. Naomba umwandikie, umwambie aipe pikapu nafasi nyingine. Usimwambie ni mimi niliyekuomba. Nimeandika namba ya simu nyuma ya bahasha ukihitaji maelezo zaidi ya kiyoyozi.

Ni mimi,
Fundi asiyeshindwa, geti la bluu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi usiyeshindwa,

Zima gari kwanza, ndipo usome.

Shikamoo. Heshima nimeimaliza, sasa nisikilize. Barua yako nimeiondoa kwenye foleni nikaiweka mbele ya wenzake waliotangulia, kwa sababu wao wanaweza kusubiri na wewe huwezi. Moshi unaoua, mzee wangu, hauonekani na haunuki. Kitambaa chako cheupe kitabaki cheupe na nyinyi wawili mtakuwa mmelala humo, na koti lako limemfunika. Kichwa kugonga, herufi kucheza, miguu kukataa, kutapika, halafu nafuu baada ya kupata upepo: huo haukuwa ubaridi. Ilikuwa sumu ya injini iliyojaa kwenye chumba ulichokiziba kwa mikono yako, ikapenya mpaka ndani ya pikapu. Ule upenyo wa mkono unaotaka kuufunga haukutosha, na bila huo nisingepata barua. Gari halingurumi ndani ya gereji, mlango uwe wazi au umefungwa, liwe jipya au bovu, uwe na haraka au huna. Hilo halina mjadala, hata na wewe.

Kesho asubuhi nendeni hospitali wote wawili. Mweleze daktari kila kitu kama ulivyonieleza mimi, na kile kichwa chako ulichokificha nacho ukitaje. Daktari hajali nani alitengeneza kiyoyozi.

Uliomba nisimwambie mkeo. Nimekuvunjia siri. Nilipiga asubuhi namba ya nyuma ya bahasha, akapokea yeye, kwa sababu wewe ulikuwa chini ya gari kama kawaida yako. Nikamsomea barua yako yote. Alicheka kwenye friji, na kwenye koti akaniomba nirudie. Halafu akaniambia maneno ambayo amekubali niyaandike:

"Sijamhama. Nakaa kwa fundi cherehani kwa sababu pale nauona mlango wa gereji. Akiufunga nikasikia injini, navuka barabara mbio."

Nikamuuliza, na vile vicheko je? Akasema anacheka kwa sauti makusudi, ili ujue yuko wapi.

Basi wewe umekaa humo unaona umeachwa, na mwenzio kila mchana analinda mlango wako. Unastahili kuchapwa, na unastahili kuonewa huruma, nimeshindwa kuchagua. Ulimtandikia shuka, ulimvisha koti, ulitaka akae karibu nawe. Nia hiyo ningependa waume wengi wanaosoma hapa waige. Kichwa chako kigumu ndicho wasikiige.

Sasa joto lenyewe. Umeshaona gari lililozibwa rejeta likaenda salama? Hewa ya moto hupanda juu, na juu umeweka bati jeusi linalokunywa jua kutwa nzima, halafu hukuiachia njia ya kutoka. Mwite mkwe wako. Ndiyo, huyohuyo wa kucheka kwa mabega. Atoboe matundu chini upande wa upepo na mengine juu ukuta wa pili, hewa ya baridi iingie huku na ya moto itokee kule. Mkono wa mwizi na tumbo la kuku vyote vitazuiwa na wavu wa chuma, na vumbi kidogo litakaloingia utalipangusa, hujawahi kufa kwa vumbi. Juu ya hiyo lami ipakwe rangi nyeupe inayokaa juu ya lami, muulize muuza rangi asikupe yoyote tu, bati lirudishe jua lilikotoka. Chini ya mabati pigilia dari, hata ya plaiwudi, mradi uache nafasi ya hewa katikati. Upande unaopigwa na jua la alasiri weka kivuli, cha mti au cha turubai. Gari likitoka safari lipoe nje kabla hujaliingiza, maana injini ya moto ni jiko la pili. Kazi nzito zifanye asubuhi. Friji irudishe jikoni na uifunge mlango, haijakukosea kitu.

Na mkwe akija usimsimamie mgongoni kumfundisha kushika mwiko. Mpe maji ya kunywa, mwambie asante. Najua neno hilo nalo hujalizoea, lakini umeanza na "naomba" na hukufa.

Limebaki jambo moja, na hili sikuachii mpaka mwisho wa wiki. Leo hii, ukimaliza kusoma, nawa mikono uvuke barabara. Usiende kumwita arudi, na usiende na maelezo ya kiyoyozi. Mwombe mama cherehani akupe kiti, kaa karibu na mkeo mpaka jua lipungue. Mwambie ulimtia hatarini bila kujua, na kwamba sasa umejua. Akikucheka, mwache acheke. Akilia, usianze kutafuta la kurekebisha. Gereji ukiijenga vibaya utaibomoa uijenge tena, una nguvu na una mwashi ndani ya ukoo. Lakini huyo mkeo, fundi wangu, hana spea dukani.