Vigae vya mpakani

Jumatano

Bado mikono inanuka udongo. Nilikuwa napalilia migomba ya chini, mpakani na shemeji, jembe likatoa vigae vya chungu vyenye mistari, na ushanga mmoja wa bluu. Ushanga nikautia uzi, nikamfunga mwanangu Neema mkononi. Ulimpendeza.

Mama mkwe alipouona, na vile vigae, akatua mzigo wake wa majani. "Mama Neema, hicho chungu amekivunja nani?"

"Ni cha zamani, mama. Mizizi imekizunguka."

"Mizizi ni ya mgomba, mwanangu, haikawii kuota. Tangu tumkatalie shemeji yako kumuuzia mwekezaji kile kipande cha shamba, umemsikia akisalimia?"

Kweli, hasalimii. Na huku kwetu mwenye kinyongo huvunja chungu akikulaani kwa jina, na watoto ndio wanaotangulia kuugua. Mimi nasali, nimesoma mpaka la saba, sikutaka kuamini. Lakini jioni Neema amechemka mwili.

Uzi nimeukata. Asubuhi zahanati kwanza, mama mkwe aseme atakavyo. Halafu naenda naye kwa shemeji, nimpe shikamoo, nimuulize.

Atakataa, najua. Ila nataka akatae huku amempakata Neema.