Anafuata Nini Kikundini?

Baglung, 9 Asar

Mdogo wangu Tilsara,

Salamu nyingi. Mgongo wako vipi, na shemeji anaendeleaje? Sisi wazima, mwezi huu wa Asar tunapandikiza mpunga, matope mpaka magotini.

Nina neno linanikaba. Ganga, mkamwana wangu, amejiunga na kikundi cha kina mama cha yule mhudumu wa afya wa kijiji. Juzi nimewakuta wananong'ona bombani. Waliponiona wakageukia habari za maharage. Huko wanagawa sindano za kuzuia mimba. Sasa niambie, mwanamke ambaye mumewe, Buddhi wangu, yuko Qatar mwaka wa pili anazuia nini? Nikimuuliza anasema, "Mama, tunafundishwa tu kuhusu miili yetu." Mwili wake una nini kipya? Tena siku hizi ananinyang'anya tenga la majani ya nyati wetu wa maziwa, eti nisibebe mizigo. Mtu hakupendi ghafla hivyo bure.

Dada yako

Chitwan, 25 Asar

Dada yangu,

Nimefurahi kusikia mpo, ila barua yako imeninyima usingizi. Sisi wazima, joto tu.

Lisemwalo lipo, Dada. Mkamwana wangu naye alianza hivyo hivyo, nikamkataza siku hiyohiyo. Fungua sanduku lake akienda shamba. Ukiona chochote, mwandikie Buddhi ajue anamtunza nani. Ukiona aibu, mimi mama yake mdogo nitamwandikia.

Mdogo wako

Baglung, 4 Bhadau

Tilsara,

Hujambo? Mimi leo nikiulizwa hali sijui nijibu nini.

Nilifungua sanduku. Chini ya shali nikakuta kadi ya zahanati. Jina halikuwa la Ganga. Lilikuwa langu, Dilkumari, na tarehe ya kwenda.

Nikamngoja mlangoni. "Nani kakutuma ukanitangaze kijijini?"

Akainama. "Kikundini sikutaja mtu, Mama. Jina nimempa nesi na mhudumu tu. Nakuona unavyofua vitambaa vyako kwa kujificha. Nilikwenda kuuliza kama kuna dawa."

Basi nikwambie nisilomwambia hata marehemu mume wangu. Tangu nimzae Buddhi, kizazi changu kimeshuka, ndiyo sababu ya vile vitambaa. Siku ya kumi na mbili baada ya uzazi nilikuwa nimebeba samadi, mama mkwe akinihesabia safari. Miaka ishirini na sita.

Siku tisa nilikataa chakula alichopika Ganga. Ya kumi, tarehe ya kadi, nikaenda. Nesi akaniwekea ndani pete ya mpira ya kukishikilia kizazi, basi. Nilipanda mlima kurudi bila kupumzika, nikilia kwa hasira. Msaada ulikuwa mwendo wa saa mbili tu kutoka kwangu.

Usimwandikie Buddhi. Nakusihi.

Dada yako

Chitwan, 2 Asoj

Dada yangu,

Nashukuru umepata nafuu. Hapa tupo.

Barua niliyomwandikia Buddhi ilishaondoka kabla yako haijafika. Nimetuma nyingine, nimeandika, "Mama yako mdogo ni mzushi na mke wako hana doa." Akikasirika, anikasirikie mimi. Mwambie Ganga mwenyewe kabla hajaisikia kwa mumewe. Sitegemei anisamehe, na nimeona aibu kweli.

Mkamwana wangu nimemruhusu arudi kikundini.

Hiyo pete, Dada, inauma ikiwekwa? Nijibu upesi. Mimi huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Mdogo wako