Mzee wa Redio Hayupo

Shija, mjukuu wangu, mshindani wangu kwa bibi yako,

Shikamoo. Usicheke. Umenitangulia kufika huko, kwa hiyo sasa wewe ndiye mkubwa. Hali sikuulizi, hali yako naijua. Udongo nilikutupia kwa mkono huu huu unaoandika. Bibi yako, mke wetu, yupo. Bado anakupakulia. Nikimwambia Shija hawezi kula tena, ananitazama kama vile mimi ndiye niliyekupeleka, halafu ile sahani ananisukumia. Nakula. Nifanyeje?

Nimeshika kalamu kwa jambo moja, na ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia nisingekusumbua.

Unakumbuka ulivyokuja likizo hapa Igoma na makaratasi yako? Ulisema hayo ni madodoso ya shahada ya uzamili, uchumi na fedha za kimataifa. Nikakuuliza, hizo fedha za kimataifa zinakaa wapi, mbona huku hatuzioni? Ukasema, "Babu, ndicho ninachotafuta." Ulitaka kujua dola ikipanda, mchuuzi wa dagaa wa pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia, inamgusaje. Watu wakakukimbia. Wakiona kijana na karatasi wanajua kodi hiyo. Ndipo ukanipa mimi madodoso kumi na mawili, maana nyavu za pale nimezishona mpaka macho yakafa na kila mtu ananijua. "Babu, uliza tu, andika wanavyosema."

Shija, sikwenda.

Siku ya kwanza goti liliuma, hilo kweli. Siku ya pili halikuuma. Nilikaa barazani na kikombe cha togwa nikaanza kujaza mwenyewe, na utamu wake sikuwahi kuupata darasani miaka yangu yote minne ya shule. Nikawa wachuuzi kumi na wawili. Nikawa mjane wa Ukerewe mwenye mdomo. Nikawa jamaa mwenye wake wawili, mmoja aanike, mwingine auze. Nikawa yule mzee anayesikiliza bei ya dola redioni kila asubuhi kabla hajafungua gunia; ikipanda tu, anakaa juu ya mzigo wake na kungoja wanunuzi wa Kongo na dola zao waje wambembeleze. Nilijua utagundua. Sisi si watani? Nilitega, nikangoja ucheke. Wewe ukasoma yote, ukanikumbatia: "Babu, hawa wana akili kuliko wote niliowahoji!"

Ningesemaje? Nikasema ndiyo, hasa yule wa redio.

Nilipanga nikuambie Krismasi, tucheke wote. Halafu ikaja ile homa, siku tatu tu.

Juzi msimamizi wako, yule mwalimu wa chuo, amepiga simu. Mama mmoja ana adabu huyo, hata simuni unasikia anapiga goti. Anasema kazi ulikuwa umeimaliza, na chuo kitakupa shahada yako hivyo hivyo ulivyo. Mama yako ataitwa mbele kuipokea. Binti yangu alikaa chini pale pale jikoni, mwiko mkononi. Tangu tukuzike hajawahi kumaliza chakula. Siku ile alimaliza. Kitambaa cha gauni ameshanunua. Kisha mwalimu akaongeza kwamba sura ya nne, ile ya wale wachuuzi wangu kumi na wawili, ndiyo roho ya kitabu chako, na Alhamisi anakuja Mwanza kuwashukuru. Hasa mzee wa redio. Anataka kupiga naye picha.

Nikamweleza jirani yetu Nkwabi, unamjua, haya alizaliwa bila. Akasema, "Lete redio, mzee mwenzangu, mimi ndiye yeye. Nivae na kofia?" Tulicheka mpaka nikakohoa. Nikampa redio. Jioni nikaifuata. Asubuhi nikampa tena.

Jana nimekwenda mwaloni kweli, na goti langu hili. Nilimkuta mama mmoja anaanika dagaa juu ya mawe, nikamsomea swali lako: dola ikipanda unafanya nini? Akasema, "Babu we, dola mimi nimeiona kwenye fulana ya mwanangu." Halafu akaacha kucheka. Akasema dalali anakuja na bei yake mdomoni, na wingu likiwa limesimama ziwani hubishani naye, maana dagaa wakilowa ni chakula cha kuku. Nikawa naandika, mkono haumfikii. Maneno ya mama mmoja tu, Shija, na sura yako ya nne imekufa yote. Alikuwepo pale siku zote zile, anangoja mtu amuulize.

Nikisema, labda shahada inafutwa. Nikinyamaza, uongo wangu utakaa kwenye kabati la chuo na jina lako juu yake, na kijana mwingine mwenye akili atausoma auamini. Mama yako nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara ya kwanza akanionyesha kile kitambaa. Mara ya pili akanipima mabega, aone kama kilichobaki kitanitosha shati.

Nimesali. Labda Mungu anacheka.

Sikiliza, nakuahidi wewe kwa sababu wafu hampokei udhuru: Alhamisi nitamwambia mwalimu. Nitamwambia kijana alifanya kila kitu sawasawa, kosa lake lilikuwa kumwamini babu yake. Nitampa na maneno ya yule mama wa dagaa, mwandiko mbaya lakini ya kweli. Atakachoamua baada ya hapo sijui, na mama yako nitamtazamaje sijui. Nimezeeka na sijui.

Pumzika, mtani wangu. Na huko, ukikuta watu wa kuwahoji, waulize mwenyewe. Usimtume mtu.

Babu yako