Gitaa la Shoto la Sori

Rangwe,
3 Septemba 2023

Kwa shemeji Elkana Werema, Isebania.

Salamu nyingi kama omena, hiyo dagaa ya ziwa huko Sori, wakati mwezi haiko. Unaendelea aje? Dada yangu Achieng anaendelea aje? Huku mke wangu Teresa analia magoti, lakini mimi niko ngumu kama jiwe ya kusagia wimbi. Masikio yako siulizi. Miaka yote ya bendi yetu ulisimama karibu na spika kama mtu anaota moto, nikakuambia songa, ukakataa. Ndiyo maana naandika karatasi. Ukipigiwa simu ya msiba unajibu, "Ndiyo, mvua imenyesha."

Usome pole pole, wino imechafuka. Unajua mkono yangu ya shoto inafuata maneno ikiyafagia.

Sasa sikia. Levi wa Sori amezikwa. Redio imesema. Alikuwa mpiga solo namba mbili Nyanza nzima. Namba moja unamjua.

Elkana, ile gitaa yake iko wapi? Ile nyekundu ya pembe mbili, imetengenezwa kiwandani kwa mtu wa shoto. Mimi maisha yangu yote nimepindua gitaa ya watu wa kulia, nyuzi nyembamba juu, nene chini, watu wanacheka ati Dishon anakamua ng'ombe ya wizi. Na bado niliwashinda. Lakini siku ile Sori, Levi alipoenda kula samaki akaniachia wimbo moja, nilishika hiyo kitu na kila uzi ilikuwa pale mkono yangu inatafuta. Wimbo moja tu! Akarudi na mafuta kwa vidole akanipokonya. Tangu siku hiyo ninapiga gitaa kama mtu amelala na mke wa jirani, roho iko kwingine.

Wewe uko karibu na Sori. Enda uangalie. Nikifa kabla sijaimiliki, hata mazishi yangu sitahudhuria kwa moyo safi.

Ni mimi shemeji yako,
Dishon Oyaro, Solo


Isebania,
21 Septemba 2023

Mpendwa shemeji Dishon,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na mama Teresa. Sisi hatujambo. Dada yako anakusalimu na anasema uache kujisifu kwenye habari za msiba.

Sori tumeenda pamoja, kwa kuwa siku hizi yeye ndiye masikio yangu. Mjane wa Levi, mama Lynnet, ametupokea vizuri. Gitaa liko sebuleni ukutani, limefunikwa kitambaa cha kusuka kama kiti cha mgeni. Nilimwomba Achieng aguse uzi mmoja, mimi nikaweka kiganja kwenye mbao. Dishon, nililisikia. Miaka hii yote sijasikia hata kengele ya kanisa, lakini lile gitaa lilipanda mkononi hadi kwenye kiwiko.

Nilipotaja kununua, mama Lynnet alikasirika. "Hii siyo mbuzi ya soko." Levi aliacha neno: siku ya ukumbusho wake, mtu wa shoto asimame mbele ya watu, alipige, kisha aende nalo. Asipopatikana, lichukuliwe na mkwe wao wa kisiwa cha Mfangano, yule anayeimbisha kwaya. Huyo ni wa kulia. Amekwisha sema atalichonga na kugeuza nyuzi.

Ukumbusho utakuwa mwakani, Agosti. Nimelitaja jina lako. Mama Lynnet akacheka: "Yule wa maneno mengi? Aje."

Jiandae, shemeji.

Wako,
Elkana


Rangwe,
1 Oktoba 2023

Shemeji Elkana, mtu ya mihogo, rafiki ya kweli!

Salamu haina kipimo. Mko wazima? Mimi nimesoma barua yako nikaruka, Teresa akafikiri nimeumwa na siafu.

Ati achonge! Huyo wa kwaya achonge mwiko wa ugali, asiguse hiyo gitaa. Kila asubuhi sasa nakaa nje nafanya mazoezi na hii kifusi yangu. Kidole gumba inacheza juu kwa nyuzi nyembamba, ya pili inatembea chini kwa nene, watu ya soko wanasimama na mizigo kwa kichwa. Mama moja ameacha nyanya zake zikaliwa na mbuzi juu ya solo yangu. Muulize.

Siku hiyo Sori italia. Mwambie Lynnet aandae vitambaa ya machozi. Wewe utakaa kando yangu na ridhimu, ukiniangalia mguu ndiyo ujue mwendo, kama zamani kabla hujaoa Achieng ukahama, ukaniibia dada na ridhimu siku moja. Hiyo nimesamehe. Leo tu.

Shemeji yako mwenye gitaa,
Dishon Oyaro, Solo


Isebania,
9 Juni 2024

Mpendwa shemeji,

Salamu. Mpo? Tangu Krismasi nimekuandikia mara mbili na sijaona jibu. Makori, dereva wa matatu anayetubebea barua, anasema alizifikisha mkononi mwa Teresa. Achieng akipiga simu, Teresa anasema umetoka. Umekuwa mtu wa kutoka sana.

Ukumbusho ni Jumamosi, tarehe ishirini na nne Agosti. Mama Lynnet anauliza kama mtu wake wa shoto yuko. Nimjibu nini?

Wako,
Elkana


Rangwe,
30 Juni 2024

Shemeji,

Salamu kwenu. Mimi mzima kabisa. Nilikuwa na kazi.

Nitakuja, lakini siji kama mtu ya kuokota. Mwambie Lynnet haya. Niwekewe kiti ya mbele, ya kuegemea, iwe na mikono. Jina yangu iandikwe hapo. Mtu mwingine asikalie. Mtu asipige gitaa kabla yangu. Na gari inichukue hapa Rangwe.

Wakikataa, basi. Mimi siombi.

Dishon Oyaro, Solo


Isebania,
14 Julai 2024

Mpendwa shemeji Dishon,

Salamu za upendo kutoka kwetu sote.

Mama Lynnet amekubali yote. Kiti amekiazima kwa padri, kina mikono, na binti yake ameandika jina lako kwenye kadi. Gari nimepata la jirani yangu Nyarangi. Ukinitumia neno tu, litakuwa kwako mapema asubuhi.

Sasa nisamehe kwa ninachoandika. Barua zako zote tangu ujanani zimepakazwa wino. Achieng husema kusoma barua ya Dishon ni kama kufuata mtu kwenye matope. Hii ya mwisho ni safi. Hakuna hata doa. Na herufi zimelala upande mwingine, kubwa kubwa, kama za mtoto wa chekechea. Nilimwonyesha dada yako. Alienda jikoni akakaa huko.

Ni mkono wa shoto, siyo? Ni ugonjwa ule wa kupooza uliomshika baba yenu?

Usinijibu kama hutaki. Ila fikiri kidogo. Kwenye gitaa la shoto, mkono wa kulia ndio unaoshika shingo na kutafuta sauti. Huo unao. Uliobaki ni wa kupiga nyuzi, na mikono ya kupiga mimi ninayo, masikio ndiyo sina. Tukae wawili, bega kwa bega, gitaa moja. Wewe tafuta sauti, mimi nipige nikiangalia mguu wako. Nimejaribu hapa na Achieng kwa gitaa langu la zamani. Haikuwa mbaya. Alilia, kwa hiyo labda haikuwa mbaya kabisa.

Levi alisema mtu wa shoto alipige. Hakusema awe na mikono mingapi. Mama Lynnet nimemuuliza, amesema njooni.

Wako daima,
Elkana


Rangwe,
28 Julai 2024

Elkana,

Salamu.

Nani amekuambia mimi mgonjwa? Kalamu ni mpya. Kalamu mpya haichafui.

Sasa nielewe vizuri. Nikae mbele ya watu ya Sori na Nyatike yote wewe unanikamulia nyuzi? Nishikiwe kama mtoto anayenyonyeshwa? Siku ya watu kusimama na kusimamisha wimbo wajisifu, ile sisi tunaita pakruok, yule mlevi wa kwanza atasema nini? "Mimi ndiye fulani mwana wa fulani, mwenye mikono yangu yote miwili!" Watu wacheke mpaka Mfangano. Wewe hutasikia, bahati yako. Mimi nitasikia.

Wewe umengoja hii. Miaka yote ulikuwa nyuma, ridhimu, jina yako haikuwa hata kwa bango. Sasa unataka kuingia kwa solo kupitia mkono yangu iliyolala. Mtu wa kiziwi! Utapiga nini?

Mwambie Lynnet gitaa yake ikae. Na Achieng aache kupigia Teresa simu.

Dishon Oyaro


Rangwe,
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Shemeji Elkana,

Salamu nyingi kwako na kwa dada yangu. Natumaini mko salama. Mimi siko salama, kwa hivyo sasa umejua.

Ilikuwa kabla ya Krismasi. Niliamka, mkono ikabaki kitandani. Hata sasa Teresa ndiye ananishikia karatasi isiteleze. Nilimwapisha asiseme.

Ile barua yangu nyingine choma. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na njaa.

Leo nilitoa hii gitaa yangu, nikaipindua, nikaweka mkono ya kulia kwa shingo, Teresa akakwaruza nyuzi na kijiko. Teresa hajui muziki, anajua kupika samaki ya mbuta na mboga ya sukuma. Lakini Elkana, wimbo ilikuwa pale. Vidole ya kulia inakumbuka kila kitu. Na mguu wangu wa kulia bado inahesabu vizuri, utaona. Nikikanyaga unapiga, nikiinua unaacha. Usiingie mbele yangu hata kidogo. Na kiti ile ya mikono tuiweke kando, tutafute benchi, tutoshe wawili. Kadi ya jina muongeze lako, chini, kwa herufi ndogo.

Tuma gari kesho asubuhi mapema. Utanikuta barabarani, koti nimeshapiga pasi. Teresa anasema nimpigie Achieng simu neno lifike haraka. Nimekataa. Neno ya solo na ridhimu haipiti kwa wanawake. Hii nampa Makori sasa hivi, anaondoka.

Akicheka mtu, tutamwangalia wote wawili mpaka aketi.

Ni mimi shemeji yako kabisa,
Dishon Oyaro, Solo


Isebania,
25 Agosti 2024

Shemeji,

Salamu. Dada yako ni mzima. Mimi nimechoka.

Sikupata neno lako, nikaenda hata hivyo. Kiti chako kilikuwa mbele kabisa, kadi imebandikwa. Nilisimama nyuma yake nikaweka mkono kwenye egemeo, mtu asikikalie. Wageni walidhani mimi ndiye Dishon. Mmoja alinipa mkono akasema kitu kirefu, Achieng akaniandikia kiganjani: amesema alikusikia Rangwe akiwa kijana, akaoa kwa sababu ya wimbo wako.

Jina lako liliitwa. Likaitwa tena. Kisha mtu mmoja akainuka akasimamisha ngoma, akaweka noti mezani, akajisifu. Nilikuwa naangalia midomo. Niliona mdomo wake ukisema Rangwe, kisha nikaona meno ya watu wote. Sijamuuliza Achieng alisema nini. Yeye aliangalia chini.

Mama Lynnet alinitazama, akanipa gitaa nijaribu peke yangu. Nilijaribu. Mimi wa kulia, shingo iko upande usio wangu, na sisikii. Niliona uso wake, nikalirudisha.

Nilikaa na kiti chako mpaka jina lilipoitwa mara ya mwisho. Kisha nikatoka, nikaenda kusimama kwenye mitumbwi.

Mkwe wa Mfangano alipita na gitaa begani, limefungwa kwa gunia la omena. Alikuwa na patasi kwenye mfuko wa shati.

Ulisema nilingoja hii miaka yote. Ni kweli nilingoja. Nilingoja kukaa karibu na wewe unapolishika.

Elkana

Jumatatu. Nilikuwa sijaituma hii, Makori amekuja na barua yako ya Ijumaa. Makori ni Msabato. Jua lilipokaribia kuzama alipaki gari njiani, Rongo, barua ikiwa chini ya kiti, akaenda nyumbani kuilinda Sabato, na Jumapili hakuwa na zamu. Wewe umeishi na Wasabato tangu kuzaliwa, Dishon. Mtoto mdogo wa Rangwe anajua Ijumaa jioni humpi Msabato mzigo wa Jumamosi. Na simu ya Achieng ilikuwa mfukoni mwake, imejaa chaji, siku nzima.

Achieng ameisoma barua yako yote. Hataki kula.


Rangwe,
8 Septemba 2024

Kwa Elkana Werema.

Salamu. Barua nimepata.

Makori hana makosa. Usimgombeze.

Nilisimama barabarani na koti mpaka watu ya soko wakafunga. Walikuwa wananiuliza, Mzee, unangoja nani? Nikawaambia nangoja gari ya Sori, wananitaka huko.

Hiyo gitaa nayo haikuwa kitu. Sasa nitakuambia ukweli, nilificha tu nisimwaibishe Levi. Shingo yake ilikuwa imepinda. Niliona siku ile. Uzi ya tatu ilikuwa inalia kama paka. Mtu ambaye anajua gitaa hawezi kuitaka. Huyo wa kwaya achonge tu, hakuna kitu ataharibu.

Yangu nimempa Teresa aitundike juu, kuku wasiipande.

Usiniandikie tena habari ya muziki. Andika habari ya dada yangu, na mvua, na mahindi.

Lakini kuna kitu moja. Hicho kiti. Wewe ulitoka ukaenda kwa mitumbwi, hukuona. Muulize Achieng, yeye alibaki. Aniambie kama kuna mtu alikalia.

Dishon