Uso wa Sanamu ya Jenerali

Kwako Baba,

Juzi wale watu wa kamati walinipigia simu. Wanataka kusimamisha sanamu ya pili ya Jenerali, safari hii hapa kwetu Kawangware, na kwa kuwa wewe tumeshakuzika, wameomba uso wangu. Nimekataa. Walipouliza sababu nikawaambia nitaieleza kwa maandishi. Nakuandikia wewe, na wao watasoma, kwa sababu sharti ulilonipa lilikuwa moja tu: nisiandike ukiwa hai.

Jenerali wote wanamjua. Aliongoza vita vya msituni dhidi ya mkoloni, akakamatwa, akauawa, akazikwa mahali ambapo hakuna aliyeambiwa. Jina lake liko kwenye barabara na kwenye vitabu vya shule. Picha yake haipo. Ile moja iliyokuwapo iliungua pamoja na nyumba. Wewe ulikuwa mtoto wake wa pekee, na ulipozaliwa yeye alikuwa ameshaingia msituni. Mimi, kifungua mimba wako, nilipewa jina lake kama desturi yetu inavyotaka, ndiyo maana uliniita Baba tangu nikiwa mchanga. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtoto huitwa hivyo na babake.

Nakumbuka mchongaji wa sanamu ya kwanza alipokuja kuchukua sura yako. Ulikalia kigoda nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo, naye akaanza kufinyanga udongo huku wapangaji wakichungulia milangoni.

"Mzee, kunja uso kidogo. Tunataka hasira."

"Hasira ya nini? Nimekunywa chai vizuri."

"Hasira ya mkoloni."

"Mkoloni aliondoka. Hapa kuna wapangaji tu."

Mama Nekesa, yule wa chumba cha mwisho, akapaza sauti kutoka kwenye karai lake la nguo: "Mwambieni maji yamekatwa tena! Mtaiona hiyo hasira!"

Ukacheka, udongo ukaharibika, mchongaji akaanza upya.

Siku ya uzinduzi nilisimama na waandishi wenzangu. Kitambaa kilipovutwa, watu wote waliitazama sanamu. Mimi nilikutazama wewe. Ulisimama muda mrefu, makofi yakaisha, bendi ikaanza kupiga, wewe bado umesimama. Nilipokufikia ulisema kwa sauti ya chini, "Ni mimi."

"Si walisema mnafanana?"

"Nilikuja kumwona yeye."

Ni hapo nilipoelewa ulichokuwa ukingojea miaka yote. Hukutaka shamba, wala kiti hemani, wala saluti. Ulitaka kumwona baba yako mara moja. Ulinisimulia kwamba ukiwa mtoto ulimsumbua sana mama yako kwa swali hilo: baba anafanana vipi? Siku moja alichoka, akakupa kipande cha kioo. "Jiangalie," akakwambia. "Ndiye huyo." Ulimwamini. Mtaa mzima uliamini, na mwishowe kamati nayo ikaamini. Vijana wa bodaboda pale kituo cha Kawangware 46 wakaacha kukuita kwa jina lako. "Niaje, Jenero!" Nawe ulikuwa unawainulia fimbo kana kwamba unawapiga.

Bi. Zaituni nilikutana naye kwa sababu ya kazi. Nilikuwa Kibera nikiandika habari za Wanubi na ardhi yao, na katikati ya mazungumzo akasema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yule wa kwenye sanamu siye. Baba yake aliwahi kuwa jeshini pamoja na Jenerali, zamani, katika vita vya Wazungu. Jenerali alipojeruhiwa mguu msituni akaletwa mjini kwa siri, rafiki huyo ndiye aliyemficha. Walimvika kanzu na kofia, wakamwita Mjomba. Zaituni alikuwa msichana. Ndiye aliyempelekea chakula.

Nilikupeleka kwake. Ulivaa koti la harusini. Bi. Zaituni akatafuta miwani yake, akakugeuza huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa.

"Wewe si yeye."

"Mimi ni mwanawe, mama."

"Najua. Lakini hukumchukua sura. Yeye alikuwa mfupi, mweusi ti, masikio yamesimama hivi. Akicheka anafunika mdomo, maana meno ya mbele yalikuwa yameharibika. Na aliogopa paka! Serikali nzima inamtafuta, ila paka wangu akiingia, Jenerali wenu yuko juu ya kitanda na viatu vyake."

Ulicheka. Halafu ukasogeza kiti karibu. "Angalia vizuri, mama. Hata mikono? Hata sauti?"

"Mwanangu, nikikudanganya nitapata nini? Sura hii naijua. Ni ya yule msichana aliyekuja na kikapu cha viazi, mtoto mgongoni. Nyambura. Uso huu huu, na hiki kidevu. Aliingia kwa mlango ule akamwuliza babangu, 'Mume wangu mmemweka wapi?' Bila hata kusalimia."

Wewe mama yako ulimkumbuka akiwa amezeeka kabla ya wakati, amekonda, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Bi. Zaituni alimwona akiwa binti wa miaka ishirini hivi, kabla ya kijiji cha dharura walikofungiwa na mkoloni, kabla ya kuchimbishwa handaki.

"Huyo mtoto ni mimi," ulisema.

"Ulilia wewe! Jenerali alitaka kukubeba, mama yako akakataa kukushusha. Askari walikuwa wanapitapita, angehitaji kutoka nawe mbio. Basi akakushika mguu tu. Akaushikilia mpaka chai yake ikapoa."

"Mguu gani?"

Bi. Zaituni alifikiri. "Hilo sikumbuki, mwanangu."

Tukarudi hadi Riruta Satellite, njiani kwenda nyumbani. Ukasimama mbele ya duka la vyuma.

"Kwa hivyo sina kitu chake."

Nikakwambia una jina lake, una historia.

"Hayo hata serikali inayo."

  Baadaye kidogo ukasema, "Mama alinidanganya." Nikasema alikuwa anakutuliza. "Najua. Lakini nilitulia kwa mtu mwingine." Kisha ukaniwekea lile sharti: "Usiandike, Baba. Wale vijana wa bodaboda watanimaliza kwa kicheko. Nikienda, andika."

Sikukuu ya taifa iliyofuata gari la serikali lilikuja kukuchukua kama kawaida, ukaenda. Viongozi walipoweka shada la maua chini ya sanamu, nikaona midomo yako ikicheza. Jioni nilikuuliza ulikuwa unasema nini. "Nilikuwa namsalimia mama." Ukaomba uletewe uji, tukaangalia habari.

Sasa Bi. Zaituni amefariki, na miezi michache baadaye ukamfuata wewe. Nimepekua kila nilipoweza kupekua, hapa nyumbani na kwa simu hadi ng'ambo, na picha haipo. Hakuna tena mtu aliye hai anayeujua uso wa Jenerali. Kamati wanasema uso wowote utafaa, mradi uwe wa damu yake. Mimi nasema ile iliyopo inatosha, nao waiache mahali ilipo. Ila wanaopiga saluti wajue wanampigia nani. Ni Nyambura, mke wa Jenerali, aliyechimba handaki chini ya bunduki na wewe ukiwa mgongoni, akauza viazi Kawangware mpaka akafa, na hakuna aliyewahi kumtumia gari siku ya sikukuu.

Kuhusu yeye tumemalizana. Kuhusu baba yako nimeshindwa, na linaniuma. Ulitaka kitu kimoja tu, ukaondoka bila kukipata.

Habari za huko uliko sizijui, sijawahi kuripoti kutoka huko. Lakini kama watu huonana, mtafute mtu mfupi mwenye masikio yaliyosimama. Usiogope kwamba hatakujua. Uso ulio nao, aliuoa.

Kwaheri, Baba.

Ni mimi, mwanao